Meza ya sikukuu ya Wachina na kitendawili cha utajiri wa pwani ya Mtwara

KILA mwaka, kati ya Januari 21 na Februari 20, mamilioni ya Wachina hufunga viwanda, maduka na ofisi na kurejea makwao kula chakula cha mkesha wa mwaka mpya wa kalenda yao ya kale. Ni safari kubwa kuliko nyingine zote za kibinadamu zinazofanyika kwa wakati mmoja duniani, na mwisho wake ni meza moja ambayo watoto, wazazi na mababu hukaa kuizunguka.

Desemba 2024, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliingiza sikukuu hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Kwa wengi nchini Tanzania, habari hiyo ilipita kama habari nyingine za mbali.

Hata hivyo, kwa wakazi wa Mtwara na vijiji vya pwani vinavyoishia kwenye maingilio ya Mto Ruvuma, meza hiyo si ya mbali kama inavyodhaniwa. Baadhi ya vinavyoliwa juu yake hutoka katika mashamba yao, na vingine hutoka, kwa halali au kwa magendo, katika bahari ya ukanda huu huu.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: iwapo dunia inakula kutoka Mtwara, kwa nini Mtwara haishibi?

Chakula kinachosema

Ili kuielewa biashara hiyo, ni sharti kwanza kuelewa kwamba kwa Wachina chakula cha sikukuu si cha kujaza tumbo peke yake. Kila sahani ina maneno yake, na mara nyingi maneno hayo hutokana na jinsi jina la chakula linavyotamkwa.

Samaki, ambaye kwa Kichina huitwa yu, hakosekani mezani kwa sababu jina lake hutamkwa sawa na neno lenye maana ya ziada au baki. Huletwa akiwa mzima, kichwa na mkia, na katika familia nyingi sehemu yake huachwa makusudi hadi kesho yake, ishara kwamba riziki ya mwaka unaokwisha imevuka na kuingia mwaka mpya.

Katika mikoa ya kaskazini, familia huketi pamoja usiku kucha zikitengeneza jiaozi, vitafunio vya unga vilivyojazwa nyama na mboga, ambavyo kwa umbo hufanana na vipande vya dhahabu na fedha vilivyotumika kama sarafu zama za wafalme. Kusini huliwa niangao, keki ya mchele wa kunata ambayo jina lake hubeba sauti ya maneno mwaka na juu, yaani kila mwaka mtu apande daraja.

Siku ya 15 ya mwaka mpya huliwa tangyuan, madonge ya mviringo ya unga wa mchele ambayo aghalabu hujazwa ufuta uliosagwa. Umbo la duara ni ishara ya familia iliyokamilika, isiyo na pengo.

Sikukuu nyingine nazo zina vyakula vyake. Siku ya tano ya mwezi wa tano huliwa wali uliofungwa katika majani, kumbukumbu ya mshairi Qu Yuan ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, alijitosa mtoni kwa uchungu wa nchi yake. Mwezi wa nane, mbalamwezi inapokamilika, huliwa keki za mviringo zinazofananishwa na mwezi.

Jambo hili si geni kwa msomaji wa pwani. Anayejua kwa nini futari huanza kwa tende, au kwa nini nyumba isiyo na pilau siku ya Idd huonekana kama imepatwa na msiba, hahitaji mkalimani kumweleza kwamba chakula kinaweza kusema.

Kutoka mchangani hadi karamuni

Miongoni mwa vyakula vinavyopewa heshima kubwa katika karamu za Wachina ni jongoo bahari. Kwa Kichina sanifu jina lake, haishen, huchukuliwa kumaanisha ginsengi ya baharini, mzizi wa dawa unaoaminika kuongeza nguvu. Kwa lahaja ya Kikantoni, inayozungumzwa Hong Kong na jimbo la Guangdong, jina lake hukaribiana kimatamshi na neno lenye maana ya furaha. Kumwandalia mgeni jongoo bahari ni kumtakia afya na furaha kwa mkupuo mmoja.

Katika vijiji vya pwani ya Tanzania, kwa upande mwingine, mnyama huyo haliwi. Wavuvi humjua kwa majina ya aina zake: jongoo mchanga, pauni, spinyo mama na mengineyo. Aliyemwokota siku zote alijua kwamba amemwokota kwa ajili ya mtu wa mbali.

Biashara yenyewe ni ya kale. Vipande vya vyombo vya kauri vya China vilivyofukuliwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni ushahidi kwamba kusini mwa pwani hii kulifungamana na masoko ya Mashariki ya Mbali karne nyingi kabla ya meli za Wareno. Kilichobadilika katika miongo ya karibuni ni kasi. Uchumi wa China ulipokua, tabaka la kati lilipanuka, na chakula kilichokuwa cha matajiri kikawa matarajio ya mamilioni ya familia.

Katika maduka ya Hong Kong na Guangzhou, jongoo mchanga wa daraja la juu aliyekaushwa huuzwa kwa mamia ya dola za Marekani kwa kilo. Mvuvi anayemtoa majini hapati hata sehemu ndogo ya fedha hiyo. Sababu moja ni ya kimaumbile: baada ya kupasuliwa, kuchemshwa na kukaushwa, jongoo hubakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya uzito aliokuwa nao akiwa hai. Sababu nyingine ni ya kibiashara: kati ya mvuvi na meza kuna mnunuzi wa kijijini, msafirishaji, mwenye ghala na muuzaji wa jumla, na kila mmoja wao anajua bei ya hatua inayofuata isipokuwa mvuvi.

Matokeo ya kasi hiyo yalionekana mapema. Jongoo bahari hawezi kukimbia, wala hahitaji nyavu kukamatwa. Anaokotwa kwa mkono maji yakitoka. Zaidi ya hayo, uzazi wake hutegemea wingi. Madume na majike huachia mbegu na mayai majini, na vinavyokutana ndivyo vinavyozaa. Wakibaki wachache, tena wakiwa mbalimbali, mayai hupotea bure na eneo zima huweza kukaa miaka mingi bila kizazi kipya.

Hasara hiyo si ya mfanyabiashara tu. Mnyama huyo hula mchanga, huchuja mabaki ya viumbe na kuutoa ukiwa safi, kazi inayofanana na ya mnyoo katika shamba. Anapoondoka, majani ya bahari na matumbawe, ambamo samaki wengine hukulia, hupoteza msafishaji wao.

Marufuku yenye mlango wa nyuma

Ni kwa sababu hiyo Tanzania Bara ilipiga marufuku uvunaji wa majongoo bahari mapema miaka ya 2000. Mwaka 2000 ndipo pia ilipotangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650, inayojumuisha maji na nchi kavu za vijiji kama Msimbati, Madimba na Nalingu, pamoja na misitu ya mikoko ya delta.

Nia ilikuwa njema, lakini utekelezaji ulikumbana na ukweli mchungu. Uvuvi si miongoni mwa mambo ya Muungano. Zanzibar, yenye sheria na leseni zake, iliendelea kuruhusu biashara hiyo. Kusini, ng'ambo ya Ruvuma, wapo wavuvi wa Msumbiji, na kwa miaka mingi wavuvi wa Tanzania wamekuwa wakivuka mpaka kuvua katika maji ya Cabo Delgado, hadi vita vilivyozuka katika jimbo hilo mwaka 2017 vilipoifanya safari hiyo kuwa ya hatari kubwa zaidi.

Kwa maneno mengine, marufuku ilifunga mlango wa mbele huku ya nyuma ikiwa wazi. Jongoo aliyekatazwa upande mmoja huweza kuwa bidhaa halali upande wa pili, na hana alama ya kuonyesha alikotoka.

Jumuiya ya kimataifa nayo imeingia. Agosti 2019 mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, uliamua kuwaweka pauni chini ya udhibiti, na uamuzi ukaanza kutumika Agosti 2020. Novemba 2022 iliamuliwa vivyo hivyo kwa jamii ya spinyo mama, na utekelezaji ukaanza Mei 2024. Tangu hapo, usafirishaji wa aina hizo unahitaji kibali kinachothibitisha kwamba uvunaji wake hauhatarishi uhai wa viumbe hao.

Jongoo mchanga, ambaye ndiye anayefugika kwa urahisi zaidi, hayumo katika orodha hizo. Hapo ndipo yalipo matumaini na hapo ndipo ilipo hatari.

Korosho na ufuta: safari isiyoonekana

Wakati mvuvi wa Msimbati akitazama bahari aliyokatazwa, mkulima wa Newala, Tandahimba au Nanyumbu anashiriki katika meza hiyo hiyo bila kizuizi, lakini pia bila kujua.

China ni mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani wa ufuta, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazomuuzia kwa wingi. Mikoa ya Lindi na Mtwara ni kitovu cha zao hilo. Ufuta huo hukamuliwa mafuta yanayotiwa katika vyakula vya sikukuu, na hupakwa juu ya maandazi ya mviringo yanayokaangwa wakati wa mwaka mpya. Wachina wanao hata msemo kwamba ufuta ukichanua hupanda pingili baada ya pingili, wakimaanisha maisha yanayozidi kuwa bora hatua kwa hatua.

Kwa mkulima wa Nanyumbu, maisha hayapandi kwa mpangilio huo. Bei ya ufuta hupanda na kushuka kutegemea mavuno ya nchi nyingine na hesabu za wanunuzi ambao hajapata kuwaona.

Korosho nayo ina safari ndefu zaidi. Sehemu kubwa ya korosho za Mtwara huuzwa zikiwa ghafi, kupitia mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007 na minada ya vyama vikuu vya ushirika kama TANECU na MAMCU. Kutoka Bandari ya Mtwara hupelekwa India na Vietnam. Huko hubanguliwa, na Vietnam, inayosherehekea mwaka mpya wake siku zile zile chini ya jina la Tet, huziuza kwa dunia nzima, China ikiwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Katika miaka ya karibuni, masanduku ya zawadi yenye karanga na mbegu za aina mbalimbali, korosho zikiwamo, yamekuwa bidhaa ya kawaida ya msimu wa sikukuu nchini China.

Hivyo korosho ya Tandahimba hufika katika sanduku jekundu la zawadi mjini Shanghai ikiwa na uraia wa nchi nyingine, na fedha ya ubanguaji, ufungashaji na jina la biashara ikiwa imebaki njiani.

Si kwamba jambo hili halikutambuliwa. Viwanda 12 vya kubangua korosho vilivyojengwa nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 vilikusudiwa kuliondoa tatizo hilo, lakini vingi viliishia kuwa maghala. Novemba 2018, bei ya mnada iliposusiwa na wakulima, Rais John Magufuli aliamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulipeleka jeshi kuzisomba. Hatua hiyo ilionyesha ukubwa wa hasira ya wakulima, lakini haikuongeza kiwanda hata kimoja. Mpango wa kongani ya viwanda vya korosho Maranje, wilayani Mtwara, ni jaribio jipya la jibu la zamani.

Mwarabu na tende zake

Mtu anaweza kuuliza kama kujua utamaduni wa mnunuzi kunamsaidia nini mkulima. Jibu linapatikana sokoni Mtwara kila mwaka kabla ya mwezi mtukufu wa Ramadhani.

Wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, tende za Uarabuni huwa tayari madukani, zimefungwa kwa ukubwa unaofaa futari ya familia ndogo na ya familia kubwa. Aliyezileta anajua tarehe ya mfungo, anajua tende italiwa kwanza, na anajua kwamba mnunuzi wake hatauliza sana bei katika mwezi huo. Anauza ibada na kumbukumbu pamoja na tunda.

Mtwara haijafanya hivyo kwa mteja wake yeyote. Korosho huvunwa kati ya Oktoba na Desemba, miezi michache tu kabla ya sikukuu kubwa kuliko zote barani Asia, lakini hakuna sehemu ya mnada inayofuata kalenda hiyo. Kwa kuwa zinasafiri ghafi, mavuno ya msimu mpya hayawezi kuiwahi meza ya mwaka huo kwa wingi; zingebanguliwa na kufungashwa hapa hapa, sehemu yake ingewahi.

Fursa ya kufanya hivyo ni kubwa sasa kuliko ilivyokuwa. Kuanzia Desemba 1, 2024, China imeondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zote zinazotoka katika nchi maskini zaidi zenye uhusiano nayo wa kidiplomasia, Tanzania ikiwamo. Korosho iliyobanguliwa Mtwara inaweza kuingia soko hilo bila ushuru. Lakini msamaha wa ushuru haumsaidii asiye na bidhaa iliyokamilika.

Onyo la mapezi ya papa

Pamoja na hayo, ni vyema kuchukua tahadhari. Utamaduni wa watu si jiwe. Hubadilika, na anayeufanya kuwa nguzo pekee ya uchumi wake anaweza kujikuta amejenga juu ya mchanga.

Mfano ni supu ya mapezi ya papa, ambayo kwa vizazi ilikuwa alama ya heshima katika harusi na karamu za Wachina. Baada ya kampeni ndefu zilizomhusisha mcheza mpira wa kikapu mashuhuri Yao Ming, na baada ya Serikali ya China kuipiga marufuku katika karamu za kiserikali Desemba 2013, ulaji wake nchini humo ulipungua kwa kiasi kikubwa. Wavuvi waliozoea kuuza mapezi katika bandari za Afrika Mashariki hawakushirikishwa katika mjadala huo. Waliisoma habari katika bei.

Mtwara inaujua mkono wa China kwa njia nyingine pia. Bomba la gesi asilia kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2015, lilijengwa na kampuni ya China kwa mkopo wa takriban dola bilioni 1.2 kutoka Benki ya Exim ya nchi hiyo. Ghasia za Mei 2013 zilitokana na hofu moja tu: kwamba utajiri unapita chini ya miguu ya watu bila kusimama. Hofu hiyo haikuhusu gesi peke yake, na haijafutika kwa kukamilika kwa bomba.

Njia ya kati

Kuhusu jongoo bahari, hoja mbili zimekuwa zikigongana. Moja inataka marufuku iondolewe ili mwananchi anufaike. Nyingine inataka ibaki ilivyo. Ukichunguza kwa makini, zote mbili zina upungufu. Kufungua uvunaji wa porini wakati wanyama ni wachache ni kuumaliza mtaji. Kuendelea kukataza bila njia mbadala ni kuwaachia biashara wasiolipa kodi wala kuogopa hifadhi.

Njia ya kati ni ufugaji. Kusini magharibi mwa Madagascar, karibu na mji wa Toliara, wanavijiji wamekuwa wakifuga jongoo mchanga katika mazizi ya wavu ndani ya maji ya kina kifupi tangu miaka ya 2000. Hupokea vifaranga kutoka kituo cha uzalishaji, huwatunza kwa takriban mwaka mmoja, na kuwauza wakiwa wamefikia uzito uliokubaliwa. Zanzibar nayo ilijenga kituo cha vifaranga Beit-el-Ras kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Korea Kusini, na kwa upande wa Bara wizara inayohusika na uvuvi imekuwa ikiuhimiza ufugaji huo.

Uzoefu wa Madagascar unaonyesha mambo matatu ambayo Mtwara haina budi kuyazingatia. Kwanza, pasipo vifaranga vya uhakika, mfugaji atashawishika kuokota wa porini na kuwaita wake. Pili, adui mkubwa wa zizi ni mwizi wa usiku, hivyo kijiji kizima, si mtu mmoja mwenye fedha, lazima kiwe na hisa katika ulinzi. Tatu, anayeuza vifaranga akiwa ndiye huyo huyo pekee anayenunua majongoo, mfugaji hugeuka kibarua katika zizi lake mwenyewe.

Akina mama wanaolima mwani katika pwani hii, ambao katika miaka ya karibuni wamesumbuliwa na joto la maji linaloua zao lao, wana ujuzi wa kamba, vigingi na maji kupwa na kujaa. Wao ndio walipaswa kuwa wa kwanza kufikiriwa. Badala yake, hatari iliyopo ni mazizi kuwa mali ya wenye mitaji kutoka mjini, na wenyeji kubaki walinzi.

Aidha, hakuna mafanikio yatakayodumu iwapo Bara na Zanzibar hazitakubaliana kuhusu utaratibu mmoja wa kutambua jongoo aliyefugwa na aliyeokotwa. Bahari haina mpaka wa mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano.

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika pwani ya Mtwara mgeni amekwisha kuja, kwa bomba, kwa minada na kwa mifuko ya majongoo makavu isiyo na stakabadhi. Kama mwenyeji atapona au la, uamuzi hautafanyika Beijing wala Guangzhou. Utafanyika katika mabaraza ya vijiji vya hifadhi, katika bodi za ushirika, na katika bajeti itakayoamua ama kujenga kituo cha vifaranga na viwanda vya kubangua, ama kuendelea kupeleka boti za doria peke yake.